Mgonjwa wa Tumbo Kwenye MRI ya Ubongo: Mambo ya Kujua Kabla ya Siku ya Kwanza

Mgonjwa utakayekutana naye kwenye kazi hii amekwisha kuzunguka. Amepigwa utrasaundi, ameingizwa kamera ya tumbo, amemeza dozi mbili tatu za vidonda vya tumbo, amepimwa choo, na kila alikopita ameambiwa "huna kitu". Na tumbo bado lamuuma. Haya ni kwa ajili yako unayeanza: daktari kijana, muuguzi, mwanafunzi wa afya au mtaalamu wa mionzi wa Unguja au Pemba uliyeingizwa kwenye timu inayotafuta kinachoendelea katika ubongo wa mgonjwa kama huyo. Huenda mashine yenyewe iko ng'ambo ya bahari, na wewe umepewa kumtafuta mgonjwa, kumchuja na kumwandaa tu. Usiione kazi hiyo ndogo. Utafiti wa namna hii mara nyingi huharibika kabla mtu hajalala kwenye meza ya mashine.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba fMRI, yaani MRI inayofuatilia ubongo ukiwa kazini, haipigi picha ya maumivu. Inapima damu. Hemoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika pale kuliko inavyohitajika, mvurugo hupungua na ishara hupanda. Seiji Ogawa na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1990. Kupanda kwenyewe ni kudogo, kama asilimia 1 na mara nyingi chini ya hapo, na kilele chake huja sekunde 5 hadi 6 baada ya tukio. Namba moja iliyosimama peke yake haina maana yoyote. Kila rangi unayoiona juu ya picha ya ubongo ni tofauti kati ya hali mbili: puto lililowekwa ndani ya utumbo likiwa limejaa na likiwa tupu, baada ya kula na kabla ya kula, wagonjwa na wazima. Kwa hiyo ukioneshwa doa jekundu, uliza: tofauti na nini? Swali hilo ndilo litakalokufanya uangalie hata mambo yasiyonuka sayansi, kama boti aliyopanda mgonjwa na kikombe cha kahawa alichokunywa barazani.

Ni tumbo gani hilo?

Vigezo vinavyotumika duniani kwa matatizo ya kiutendaji ya tumbo ni vya Rome IV, vilivyotoka mwaka 2016. Kwa IBS, yaani utumbo unaouma na kubadili mwenendo wa choo bila kidonda wala uvimbe, mgonjwa awe na maumivu ya tumbo yanayojirudia angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na maumivu hayo yafungamane na mawili au zaidi kati ya haya: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya kwenda, kubadilika kwa sura ya choo. Dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi 6 iliyopita. Kwa dispepsia ya kiutendaji tafuta kushiba mapema, kujaa kunakokera baada ya kula, maumivu au kuungua kwa chembe, bila ya kamera kuonesha sababu. Kushiba na kujaa kunahesabiwa kuanzia siku 3 kwa wiki. Maumivu na kuungua kuanzia siku 1.

Sasa ondoa yale yanayofanana. Hapa kwetu orodha hii ina uzito kuliko kule vigezo vilikoandikwa. Pima H. pylori, bakteria wa tumbo, kwa choo, lakini kumbuka kipimo hicho hudanganya kama mgonjwa anatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi: aache wiki 2, na antibayotiki ziwe zimepita wiki 4. Pima minyoo. Kwa njia ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai ya minyoo kwa darubini, sahani ya kawaida hubeba miligramu 41.7 za choo, ndiyo maana mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, yenye uzoefu mrefu wa minyoo na kichocho, kwa hiyo hakuna udhuru wa kuliruka hili. Kichocho kinachojulikana zaidi visiwani ni cha mkojo, na maumivu yake ya chini ya kitovu huweza kuingia kwenye fomu yako kama "tumbo", basi uliza juu ya damu kwenye mkojo. Tafuta giardia, kimelea cha utumbo. Uliza maziwa pia: mtu ambaye tumbo lake linachafuka kila baada ya chai ya maziwa huenda hawezi kumeng'enya laktosi tu. Na usimwingize kwenye utafiti, bali mrudishe kwa daktari wake haraka, yeyote aliyepungua uzito bila sababu, mwenye damu kwenye choo, upungufu wa damu, homa, au aliyeanza dalili kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50.

Liandike pia lililotangulia. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi ya tumbo hubaki na IBS baada ya vijidudu kuondoka. Mgonjwa aliyeanza baada ya kuharisha vibaya na yule aliyeanza polepole tangu skuli si kundi moja, hata kama alama zao zinalingana.

Maneno

Hapa ndipo wageni wanapoteleza, na si wageni peke yao. Fomu nyingi zimetafsiriwa mezani na watu wasiokaa na wagonjwa. Mtu anayesema "tumbo laniuma" huenda anamaanisha kwamba anaendesha, wala hana maumivu yoyote. Anayesema ana mchango anaweza kuwa anazungumzia minyoo, au maumivu ya chini ya tumbo ya kike, au kitu kilichorithiwa ambacho bibi yake alimtajia. Anayesema ana vidonda vya tumbo mara nyingi amepewa jina hilo na jirani. Kamera haijawahi kuona kidonda. "Sipati choo" yaweza kuwa hapati kila siku, au anapata lakini kwa kujikamua. Kwa hili la mwisho usijadili: mtolee picha 7 za sura ya choo, za kipimo cha Bristol, aoneshe kwa kidole.

Liko na la moyo.

"Wapi panapokuuma, bibi?"
"Moyo, mwanangu. Nikila tu, moyo wanichoma."

Mkono wake uko chini kidogo ya mfupa wa kifua, juu ya kitovu. Hiyo ni chembe. Aliyeandika "maumivu ya moyo" na kugeuza ukurasa amempeleka mgonjwa wa dispepsia kwenye kipimo cha moyo, na aliyeandika "kiungulia" bila kuuliza kama kinapanda kooni amechanganya maradhi mawili. Mwambie aweke mkono, kisha andika mkono ulipo, ndipo uandike neno alilotumia.

Waandishi wa Rome IV waliliondoa neno la Kiingereza la "kutojisikia vizuri" kwenye kigezo cha IBS wakabakisha maumivu peke yake, kwa sababu neno lile lilikuwa halieleweki sawasawa katika lugha mbalimbali. Usilirudishe kwa mlango wa nyuma kwa kuuliza "je, tumbo linakusumbua?" Nani atajibu hapana?

Dodoso za wasiwasi na huzuni nazo zina mtego wa pekee. Neno "wasiwasi" kwa watu wengi wa hapa ni shaka ya mtu anayerudia udhu mara tatu au asiyejua amesali rakaa ngapi. Mzee akijibu "ndiyo, nina wasiwasi" huenda anakueleza habari za ibada yake. Uliza juu ya hofu, roho juu, moyo kwenda mbio bila sababu, usingizi kukatika. Jaribu kila swali kwa watu watano wasio wagonjwa na uwaombe wakueleze wameelewa nini. Utaona lipi limepinda.

Kisha kuna mstari wa 0 hadi 100. Mtu hawezi kuutumia vizuri akiwa chali ndani ya bomba lenye makelele kama hakuuzoea nje. Mfundishe kwa kubonyeza ukucha wa kidole gumba kwa nguvu tatu tofauti. Na afundishwe mistari miwili: wa nguvu na wa udhia. Mfano unaoeleweka ni muziki wa harusi ya jirani: sauti ni ile ile, ila udhia wake saa 8 usiku si ule wa saa 10 jioni. Tofauti hii si pambo. Ndani ya ubongo, gamba la hisia za mwili hufuata zaidi nguvu; sehemu nyingine, singuleti ya mbele, hufuata zaidi udhia. Mgonjwa akikupa namba moja iliyochanganya yote mawili, hutajua umepima lipi.

Puto

Mwaka 1973 daktari mmoja Mwingereza, Ritchie, aliripoti kwamba puto likijazwa ndani ya utumbo mpana wa chini, wagonjwa wa IBS huumia mapema kuliko wazima. Kipimo cha kwanza cha ubongo kwa wagonjwa hawa kwa kutumia PET, picha inayofuata chembe za mionzi zilizodungwa mwilini, kilitoka California mwaka 1997. Tangu hapo sehemu zinazorudi tena na tena ni insula, singuleti ya mbele, thalamasi, amigdala, sehemu za mbele ya ubongo na shina la ubongo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti hizo mwaka 2011 ulionesha kwamba wagonjwa huamsha zaidi sehemu za hisia za moyoni na za ubongo kujidhibiti na maumivu. Hiyo inatosha kwa historia. La kukusumbua ni puto lenyewe.

Puto la barostati, yaani pampu inayojaza puto na kushikilia presha yake, ni mfuko wa plastiki mwembamba usiovutika, wenye ujazo wa kama mililita 500 hadi 600. Lisiwe la mpira. Mpira una ubishi wake. Utasoma presha ya mpira ukidhani ni ya utumbo. Kabla ya kuliingiza, lijaze na ulizamishe kwenye beseni la maji utazame mapovu. Mgonjwa apigwe enema ya maji, kisha apumzike angalau nusu saa, maana enema yenyewe inaamsha utumbo. Puto likishaingia, jaza mara moja polepole hadi mmHg 20 kisha toa hewa: hilo ni la kulikunjua, na matokeo yake hayahesabiwi. Halafu tafuta presha ya chini kabisa inayoweza kulifungua, ukipanda mmHg 1 baada ya nyingine hadi ujazo uvuke mililita 30 na uone kupumua kwa mgonjwa kunaandikika. Ongeza 2 juu ya hapo. Huo ndio msingi wako. Lifanye hili akiwa amelala chali kama atakavyolala kwenye mashine. Msingi uliopatikana akiwa ubavuni hauna kazi akishalala chali, kwa sababu uzito wa tumbo umehama.

Baada ya hapo panda kwa hatua ndogo, mmHg 4 au 5, kila hatua sekunde 30 na zaidi, hadi aseme anaumia. Kikomo kiandikwe kwenye itifaki na kifungwe ndani ya mashine. Usivuke mmHg 60 kwa hali yoyote, na wengi husimama chini ya hapo. Mgonjwa awe na kipira cha dharura mkononi, na ajue kwamba akikibana puto linatolewa hewa papo hapo bila ya kuulizwa sababu.

Sasa swali letu la mwanzo: tofauti na nini? Ukiwapa wote mmHg 40, wagonjwa wataumia zaidi, na tofauti ya ubongo utakayoiona ni ya kuumia zaidi. Ukimpa kila mtu presha inayomfikisha kwenye maumivu yake ya 50 kwa 100, maumivu yatalingana lakini utumbo haukusukumwa sawa. Njia zote mbili ni halali, ila zinajibu maswali tofauti, na hazichanganywi. Amua kabla ya mgonjwa wa kwanza na uandike. Watu wameshazozana miaka kwa sababu kila mmoja alikuwa na njia yake akidhani ni ile ile ya mwenzake.

Pampu ya barostati ina chuma na haiingii chumba cha sumaku. Hukaa chumba cha udhibiti, na mrija mrefu hupita kwenye tundu maalumu la ukutani. Hewa iliyo ndani ya mrija hubanika, kwa hiyo puto halijai wakati ule ulipobonyeza kitufe. Hujaa sekunde kadhaa baadaye. Anayechambua akitumia saa ya kitufe atakuwa amekosea kwa kiasi kinachokaribia urefu wa ishara yenyewe. Andika presha mfululizo na utumie mstari huo. Na pampu ina sauti. Mgonjwa akizoea kwamba mlio ule huleta maumivu, ubongo wake utaanza kazi kabla ya utumbo. Changanya mpangilio, na weka mara kadhaa ambapo ishara inatolewa lakini puto halijazwi. Hizo si hasara: kusubiri maumivu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na tofauti kati ya wagonjwa na wazima huonekana hata hapo.

Kosa jingine linaingia kimyakimya kwenye kompyuta. Programu ya SPM, ya kuchambulia picha za ubongo, usipobadilisha, huchuja kila kinachobadilika polepole kuliko mara moja kwa sekunde 128, ili kuondoa kuyumba kwa mashine. Tumbo ni kiungo cha polepole. Ukijaza puto dakika 2 na kulipumzisha dakika 2, mzunguko wako ni sekunde 240, na chujio litaufagia pamoja na takataka. Utakaa na data safi isiyo na kitu. Mijazo iwe ya sekunde 20 hadi 30, na mapumziko yasiyolingana katikati. Kama swali lako ni la polepole kwelikweli, mfano mlo unavyobadilisha ubongo kwa nusu saa, BOLD, yaani ishara ile ya oksijeni ya damu tuliyoanza nayo, si njia yake. Tumia ASL, aina nyingine ya picha ya MRI, ambayo hupima mtiririko wa damu na haiyumbi sana kwa muda mrefu.

Kisha kuna kuona haya. Huwezi kumwekea mtu puto la njia ya haja kubwa mbele ya watu watano. Mwanamke ahudumiwe na wanawake, mwanamume na wanaume, pawe na kanga au shuka ya kumfunika kutoka kiunoni, na mlango usifunguliwe. Ridhaa isomwe siku moja kabla, nyumbani kwake akipenda, ili aseme hapana bila ya kuona aibu mbele ya koti jeupe. Usipange siku aliyofunga, iwe Ramadhani, sita za Shawwal, au Jumatatu na Alhamisi kwa wanaozifunga. Usijadili fiqhi mlangoni. Panga siku nyingine.

Kama puto halikubaliki, liko jaribio la kunywa: kinywaji chenye lishe kwa kasi ya mililita 15 kwa dakika, huku mgonjwa akitoa alama za shibe kutoka 0 hadi 5, na mnasimama akifika 5. Kwa dispepsia hili ni zuri kuliko puto. Picha ya kwanza ipigwe kabla ya kunywa. Ukisahau hiyo ya kwanza, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Siku moja kabla, na asubuhi yake

Boti. Mgonjwa aliyetoka Mkoani au Wete na kushuka Malindi leo, asipigwe picha leo. Mkondo kati ya Unguja na Pemba wakati wa kusi unajulikana, na mtu aliyetapika njia nzima ana tumbo na ubongo ambao si wa kawaida yake. Ukiwachukua wagonjwa Pemba na wazima Mjini, utakuwa umepima bahari. Alale usiku mmoja angalau, na bajeti ya kulala iandikwe tangu mwanzo. Ikikatwa, ndipo watu wanapoanza kusema "hana shida huyu, apigwe tu".

Ramadhani ina jambo zaidi ya funga. Usingizi unahama, kahawa inaachwa mchana, mlo mkubwa uko magharibi. Mgonjwa wa Shaaban na mzima wa Ramadhani hawalinganishiki. Ama simamisha kazi mwezi mzima na wiki moja baada yake, au ifanye Ramadhani yenyewe kuwa swali la utafiti.

Kahawa hupunguza mtiririko wa damu ya ubongo kwa kiasi kinachoonekana, na mnywaji wa kila siku akiikosa mtiririko hupanda na kichwa humuuma. Kwa hiyo "usinywe kahawa" si jibu kamili kwa mtu anayemaliza vikombe vitano vya baraza. Uliza anakunywa vingapi, weka kanuni moja ya saa kwa watu wote, andika. Sigara na tambuu vivyo hivyo. Wanawake waulizwe siku ya hedhi, kwani dalili za IBS hubadilika nayo. Dawa: amitriptyline ya miligramu 10 au 25 za usiku hutolewa sana kwa maumivu haya, na inagusa ubongo moja kwa moja. Usimwachishe wewe. Daktari wake ndiye ataamua; kama haachi, anaingia na dawa yake ikiwa imeandikwa au haingii.

Chuma. Sumaku ya MRI haizimwi. Umeme ukikatika taa zitazima, sumaku iko pale pale, na aliyekimbilia ndani na tochi ya chuma atajuta. Fomu ya kawaida huuliza moyo wa betri, vipande vya risasi, vyuma vya mifupa. Wewe ongeza ya hapa: pini za ushungi, kipini cha pua, shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya, nyuzi za metali kwenye nywele za kusuka, na hirizi. Hirizi ya ngozi huweza kuwa na kipande cha bati ndani, na mwenyewe hataitaja kwa sababu hakuulizwa kwa heshima. Muulize faraghani, mwambie ataiweka mwenyewe kwenye kisanduku na ataichukua mwenyewe. Wanja nao uoshwe kabisa. Baadhi ya wanja na vipodozi vina chembe za metali zinazopindisha picha karibu na macho, na sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho ndiyo tayari ni ngumu kupigwa kwa sababu ya hewa ya pua.

Mwisho, chooni. Kila mtu apitie chooni kabla ya kulala kwenye meza. Akilazimika kutoka katikati, akirudi kichwa hakitakaa pale pale: piga upya picha ya kutafuta mahali na ramani ya uga wa sumaku, ndipo uendelee. Wengi huruka hatua hii ili kuokoa dakika 2 na huipoteza seti nzima.

Ndani ya bomba

Mpangilio unaofaa: picha ya kutafuta mahali, T1, yaani picha ya umbo la ubongo, ya milimita 1 kwa kama dakika 5, ramani ya uga, mapumziko, kisha puto. Mapumziko yatangulie, kwani mtu aliyekwisha kuumizwa hapumziki. Kwa sumaku ya nguvu ya tesla 3 anza na picha moja ya ubongo mzima kila sekunde 2, TE (muda wa kusubiri mwangwi wa ishara) ya milisekunde 30, vokseli (vijisanduku vinavyounda picha) za milimita 3. Kwa tesla 1.5 TE isogee karibu na 50. Picha 300 ni dakika 10. Bandika kidonge cha vitamini E kwenye kipaji upande wa kulia. Kitaonekana cheupe kwenye T1, na siku programu itakapogeuza kushoto kuwa kulia utajua.

Mtu anayesokotwa na tumbo hujikunja. Hicho ndicho chanzo kikubwa cha matokeo ya uongo: wagonjwa husogea zaidi kuliko wazima, na wanasogea wakati ule ule wa puto. Jaza sponji pande zote za kichwa, weka mto chini ya magoti tumbo lilegee, na umwambie wazi kwamba kusema "basi" ni bora kuliko kuvumilia huku akitikisika. Kata au weka alama picha zilizosogea zaidi ya milimita 0.5 kutoka ya jirani yake. Kwa mapumziko wengine hushuka hadi 0.2. Kisha linganisha wastani wa kusogea kati ya makundi mawili kabla hujaangalia ubongo. Mvalishe mkanda wa pumzi pia: maumivu hubadili kupumua, kupumua hubadili kaboni dayoksaidi ya damu, na hiyo peke yake huinua ishara ubongo mzima.

Jambo moja la kufurahisha, japo linasumbua. Tumbo lina mdundo wake, kama mara 3 kwa dakika, yaani hezi 0.05. Hiyo iko katikati kabisa ya masafa ya 0.01 hadi 0.1 tunayoyatumia kwa picha za mapumziko. Mwaka 2018 watafiti wa Paris walionesha kwamba kuna sehemu za ubongo zinazokwenda sambamba na mdundo huo. Ukiweza kubandika elektrodi chache juu ya tumbo wakati wa mapumziko, fanya hivyo. Bila yake, kinachoitwa mtandao wa ubongo huenda kwa sehemu ni tumbo linalopiga.

Kusoma matokeo

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekufa, ndani ya MRI na kumwonesha picha za watu. Bila ya kusahihisha kwa wingi wa vipimo, ubongo wake "ulifanya kazi". Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walionesha kwamba njia za kawaida za kupima makundi ya vokseli zingeweza kutoa uongo hadi asilimia 70 pale tulipodhani ni 5. Tumia kizingiti cha p 0.001 kwa vokseli kabla ya kuhesabu makundi, au njia ya kuchanganya ovyo lebo za makundi mara nyingi na kulinganisha. Vigezo vyote viandikwe kabla ya kufungua data.

Usisome nyuma. Insula kuwaka hakumaanishi mgonjwa anaumia. Insula huwaka kwa ladha, karaha, mapigo ya moyo, na mambo mengine mengi. Na jihadhari na kuondoa wasiwasi kwa hesabu. Ukiuweka kama kigezo cha kusahihisha na tofauti ya makundi ikatoweka, huenda umeondoa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Onesha matokeo yote mawili. Kuhusu idadi: kulinganisha hali mbili ndani ya mtu yule yule kunaweza kufanyika kwa watu makumi. Kutafuta uhusiano kati ya alama za dalili na ubongo ukiwa umetulia kunadai maelfu, kama ilivyooneshwa mwaka 2022. Ukiwa na wagonjwa 24, chagua la kwanza.

Akiamka

Ataomba aone picha. Muoneshe ya T1, umwambie ni ubongo wake. Usimuoneshe madoa ya rangi ukamwambia haya ndiyo maumivu yako. Picha hizi ni za kundi, na hakuna fMRI inayoweza leo kumwambia mtu mmoja ana IBS au hana. Na usimwambie "kumbe ni ya kichwani". Neno hilo akilifikisha nyumbani litageuka kuwa mawazo, kisha shetani, kisha uvivu wa kazi. Mwambie kwamba neva za tumbo na za ubongo zinazungumza, na kwake sauti imepanda. Kidonda hakijaonekana na maumivu ni ya kweli.

Katika picha za ubongo za watu wasio na dalili, kama 3 kati ya 100 hukutwa na kitu kisichotarajiwa. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, ijulikane nani atazisoma, ndani ya siku ngapi, na nani atampigia simu. Kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar itataka kuliona hilo kwenye itifaki, na ina haki.

Siku ya pili mpigie mwenyewe. Uliza kama amepata choo, kama kuna damu, kama maumivu yamezidi yale ya kawaida yake. Gesi na kusokota kwa siku moja baada ya puto ni jambo la kutarajiwa. Damu, homa, au tumbo gumu likiguswa, aende hospitali leo, na wewe uwe umekwisha kumpigia simu daktari wa zamu kabla yeye hajafika.